Kitambaa Chini ya Cherehani

Kangemi, Nairobi
Novemba 24

Kwa Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti lako la kushoto halikusumbui sana tangu mvua zianze. Je, kunde zimeota? Na yule ng'ombe mwenye kiburi, bado anakupiga teke ukimkama, au ameshajua nani mwenye boma? Mimi huku ni mzima wa mwili. Mume wangu Wambua naye ni mzima na anakusalimu, ingawa siku hizi amekuwa mtu wa kunyamaza na kutazama habari.

Utashangaa kuona barua wakati kila mtu ana simu. Mama, wewe simu huipokei, unaitangaza. Ukibonyeza tu, sauti inatoka nje, na nyumba nzima pamoja na wapita njia wanapata habari. Ninayotaka kukuambia ni ya macho yako peke yako. Wewe ndiye mwalimu uliyetufundisha kuandika barua na ukawa unaturudishia zenye makosa, basi nakuomba hii uisome hadi mwisho kabla hujashika kalamu nyekundu. Nimempa Kimanzi, dereva wa basi la huko kwetu, akupe mkononi. Nimemwambia asimpe Mutie hata akibembelezwa vipi, maana ndugu yangu namjua, hawezi kukaa na neno hadi jioni.

Mutie alinipigia simu Jumapili. Alisema umesikia kwamba nilimroga dada yangu Ndunge, kwamba ugonjwa wake ulitoka mkononi mwangu, na kwamba nilikiri mwenyewe mbele ya watu. Akasema umeamua nisije Krismasi. Kisha akakata simu. Ni kweli nilikiri, Mama. Nitakueleza ilivyokuwa, lakini nitaanza mbali kidogo, kwa sababu nikianzia hapo utasoma habari za mchawi tu.

Uliponikabidhi kwa Ndunge ili urudi kufundisha, sikuwa nimeota meno. Ulikuwa ukitusimulia jinsi ulivyomkuta siku moja akiruka kamba na wenzake huku amenifunga mgongoni kwa leso yako, nami nimelala fofofo. Basi hivyo ndivyo nilivyoishi maisha yangu yote. Ndunge anaruka kamba, mimi niko mgongoni. Ndiye aliyenileta Nairobi, akaniketisha kwenye cherehani ya pili katika duka letu la kushonea, chumba cha ghorofani karibu na Barabara ya Tom Mboya, na akawa ananigonga vidole kwa rula kila nilipokata kola ya sare ya shule upande mbaya. Nilipoolewa, ni yeye aliyewauliza wakwe zangu, mbele ya wazee wote, kama kwao kuna choo cha maana. Aibu ile sijaimaliza hadi leo. Nilipopoteza mimba ya pili, alihamia kwangu mwezi mzima, akalala kitandani pamoja nami, na Wambua akapelekwa sebuleni bila kuulizwa. Mambo mengine hata wewe hukuyajua, kwa sababu alinikataza nisikusumbue.

Na hadi mwaka huu, tukishuka mjini asubuhi, alikuwa bado ananishika mkono tunapovuka barabara, mimi mwanamke mwenye miwani na ugonjwa wa presha. Nilikuwa nikimwambia aniachie, watu wanatutazama. Alinijibu kwamba wacha watazame, gari halitazami. Tuligombana kila siku ya Mungu, juu ya uzi, juu ya redio, juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe, na wateja walizoea kungoja tumalize ndipo wapimwe. Hakuna aliyewahi kujaribu kuingia katikati akatoka salama. Nilidhani tutazeeka hivyo, tukizozana juu ya dirisha.

Mwezi wa tatu nilikuwa nampima gauni la Pasaka. Nilipompitishia tepu kifuani, akaruka. Nikamgusa mahali pale, nikapata kitu kigumu kama kifungo cha koti. Nilimburuta hospitalini mwenyewe, huku akisema nina kelele. Walitoa kipande wakapima, na daktari akatuambia sote wawili kwamba ni saratani ya titi, lakini tumeiwahi. Afanyiwe upasuaji upesi, kisha dawa, na matumaini ni makubwa. Ndunge alimshukuru daktari kwa adabu, tukashuka, tukanywa chai na mandazi. Siku ya kulazwa ilipofika nilimsubiri pale langoni na mfuko wa nguo zake, na hakutokea.

Yvonne, bintiye, alikuwa amempeleka kwa mhubiri mmoja anayeitwa Mtumishi Lenox. Huyu ni kijana aliyekodi bustani ya nyumba kubwa huko Muthangari, akasimamisha hema jeupe, na anavaa viatu vya ncha kali utadhani anataka kutoboa mtu. Inasemekana alimwuliza Ndunge kwanza kwao ni wapi. Aliposikia ni Ukambani, akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Unajua yanayosemwa juu yetu Wakamba na uchawi. Kisha akamwambia kwamba ugonjwa wake umefungwa na mwanamke aliyenyonya titi moja naye na anayefanya kazi karibu naye, na kwamba kisu cha daktari kikimgusa kabla ya huyo mtu kumfungua, atafia mezani. Akamalizia kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako, na watu wakapiga makofi, kwa sababu dada ni fundi wa nguo.

Titi lenyewe ni lako, Mama. Yeye, Mutie na mimi, basi. Hakuhitaji kutaja jina.

Wakati huo mimi sikuambiwa lolote. Niliona tu Ndunge ameacha kula chakula nilichopika. Tangu tufungue duka tulikuwa tukila kutoka bakuli moja, sasa akawa anajiletea mkate wake, anaula akiwa amenipa mgongo. Aligeuza cherehani yake ikaangalia ukuta. Akaanza kuvuka barabara peke yake, haraka haraka, kama anayefuatwa. Uvimbe ulikuwa unakua, nikiuona kwa jinsi alivyoubeba mkono wake. Nilimlilia. Nilimpelekea barua ya daktari hadi kwake Mountain View, nikapiga magoti kwenye kapeti lake. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba ajabu ni haraka niliyo nayo ya kumpeleka mezani. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika mno, nikidhani ni woga tu unaomsemesha.

Mwezi wa nane akatimiza miaka sitini. Yvonne aliniambia wanamfanyia sherehe ya shukrani Muthangari, na kwamba mama yake ameomba mimi nisikose. Nilifurahi kama mjinga. Nilinunua kitenge cha buluu na manjano, nikashona magauni mawili, langu na lake, nikampa Yvonne la kwake. Nilipanga na maneno ya kusema. Nilitaka kueleza habari za kuruka kamba, na za choo cha wakwe, ili watu wacheke, kisha niseme kwamba sijawahi kujua dunia isiyo na Ndunge ndani yake na sitaki kuijua.

Niliingia hemani na keki mikononi. Wote walikuwa wamevaa nyeupe, Ndunge pia. Viti vilikuwa vimepangwa duara, na kimoja kimewekwa katikati. Nilisimama pale na kitenge changu kama tangazo la rangi. Mtumishi Lenox akatangaza kwamba tumekutana kusherehekea kufunguliwa kwa mama yetu, kisha akanielekeza kile kiti cha katikati. Hapo ndipo nilipoelewa.

Mdomo wangu unaujua. Nilimwuliza yule kijana kama mama yake anajua kazi anayofanya mchana. Nilimwambia asipomwacha dada yangu aende hospitalini nitampeleka polisi na viatu vyake. Wakaanza kuimba ili wanizime. Yvonne akanijia, macho yamevimba, akanishika bega. "Anti, si ukubali tu. Tumechoka. Mum anaisha, Anti, unaona tu mwenyewe vile anaisha." Nikaona kwamba mtoto huyu hanichukii, anaogopa.

Kisha Ndunge akasimama. Alisema polepole kwamba anaogopa kufa. Alisema hataki kujua ni kwa nini nilifanya, huenda ni kwa sababu yeye alipata watoto nami sikupata, na hilo analielewa. Alisema nikikiri tu na kumwachilia, ataenda kwa daktari wiki hiyo hiyo. Nikamwuliza kama anaamini kweli kwamba ni mimi. Alinitazama usoni, bila hasira yoyote, akasema ndiyo.

Basi nikasema ndiyo, ni mimi.

Wakataka kujua nilitumia nini. Nikasema kipande cha kitambaa cha gauni lake na nywele, nimevitia kwenye kopo pamoja na udongo. Wakauliza kopo liko wapi. Nikasema dukani, limefichwa chini ya cherehani yake. Kesho yake asubuhi walikuja na mafuta ya kupaka na nyimbo, majirani wetu wa ghorofa nzima wakitazama, wakalikuta pale pale nilipowaambia. Waliliteketeza kwenye paa la jengo. Ndunge alipoona moshi, alivuta pumzi ndefu, Mama, kama mtu aliyetua mzigo. Alikuwa na furaha, na sikuwa nimemwona na furaha tangu Pasaka.

Akaenda hospitalini. Alipasuliwa, na daktari akasema wameondoa chote walichokiona. Nilikwenda wakati wa kutazama wagonjwa, Yvonne akanizuia mlangoni mwa wodi. "Anti, amesema usiingie. Amekusamehe, lakini usiingie. Pliz, usinifanye nilie hapa." Cherehani yake ilihamishwa nikiwa sipo. Wateja wengi wameondoka, na kanisani kwetu wamama wananipisha benchi zima, nakaa kwa nafasi kama mke wa gavana.

Sasa nakuja kwenye neno lililonifanya niandike. Mwaitu, mama yangu, sikumroga. Najua ulishtuka, na kwamba uliamini mimi ni mchawi kwa sababu nilisema mwenyewe, lakini ulinizaa, ungeniuliza. Kopo lile lilikuwa la majani chai. Nililitia pale asubuhi ile, kabla hawajafika. Udongo niliuchota kwenye kopo la maua la jirani, kitambaa kilikuwa kipande nilichookota sakafuni, ambako vimejaa tele, na nywele ni zangu, nilizitoa kwenye kitana. Wambua aliniona nikizitoa, nikamweleza, na hakuna mwingine anayejua ila yeye na sasa wewe. Nilifanya hivyo kwa sababu daktari alikuwa amesema tukichelewa zaidi hatakuwa na la kukata. Nilimpenda kuliko jina langu. Na nisikudanganye, nilifanya kwa hasira pia. Moyoni nilisema, kama unataka mchawi, haya, chukua mchawi, ila uishi. Kusemwa mjini nimezoea. Kinachonikereketa ni ile ndiyo yake. Maisha yetu yote, halafu kijana mwenye viatu akauliza swali moja. Hilo sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe.

Mutie anasema Ndunge atakuja kwako Desemba apumzike. Daktari amempa vidonge vya kumeza kwa miaka, na anavimeza kila siku kwa sababu anaamini nimemfungua. Akijua nilidanganya, ataamini bado amefungwa, na vidonge atavitupa. Kwa hiyo nakuomba, uamuzi wako usiubadilishe. Nikija nyumbani kwa msiba au kwa harusi, nifungie lango. Wanawake wakinisema kisimani, nawe nisemee vibaya, tena kwa sauti, maana ukinyamaza Ndunge atakuona usoni. Yeye anakujua uso. Nilitaka tu awepo mmoja wenu ajuaye, nami nilale. Ukimaliza kusoma, barua hii uitie motoni jikoni.

Nisalimie Mutie na mkewe, watoto, mwalimu mwenzako wa zamani hapo jirani, na wote wa kanisani wanaoweza bado kupokea salamu zangu. Ndunge akifika, mpikie uji wa wimbi asubuhi, usiwe mzito, na usimwache abebe maji kwa mkono wa kushoto. Akikaa na huzuni, mwambie akusimulie habari za duka, hucheka mwenyewe. Salamu zangu usimpe.

Ni mimi mwanao,
Nzisa