Mtandao Unaoitwa KARIBU

Jumatatu, 4 Machi

Polisi wawili kwa Mzee Saa! Nilikuwa mlangoni navua viatu, ndiyo kwanza nimetoka kazini, nikawaona wanagonga kwake. Jirani yangu, fundi saa wa watu, ambaye hajawahi kugombana na mpangaji yeyote hata kwa zamu ya kufagia ngazi. Kuta zetu ni nyembamba, nikasikia yote. Eti ile barua pepe isiyo na jina, inayosema zahanati inabandika tarehe mpya juu ya dawa zilizokwisha muda, ilitumwa kupitia mtandao wake wa intaneti. Mwenye zahanati ameshtaki, kachafuliwa jina. Mzee akawaambia yeye mtandao ni wa kumwona mjukuu tu, barua hajaandika miaka.

Barua niliandika mimi. Mimi mtunza stoo wa zahanati, ninayeziona lebo hizo kila siku na picha zake ninazo. Nilituma nikiwa jikoni kwangu, kwa mtandao wa Mzee, kama ninavyofanya kila kitu tangu nihamie hapa. Wala sikufikiria.

Jumanne, 5 Machi

Siku nzima najitetea kichwani. Nilipohamia, simu ilionyesha mitandao miwili: KARIBU na MBALI. MBALI ina nywila. KARIBU haina. Sasa mtu kakuandikia karibu, na mlango kauacha wazi — utafanyaje? Utaingia! Utaingia na kusema ahsante.

Ahsante sikusema.

Alhamisi, 7 Machi

Kazini bosi kapita stoo mara tatu. Ananiangalia, anaangalia rafu. Nikajifanya nahesabu bandeji.

Jioni nikampigia shemeji, yule wakili. Nikamwambia kuna rafiki yangu anatumia mtandao wa jirani bila kuomba, je, ni kosa? Akauliza huyo rafiki analala kitanda gani hapo kwangu. Mjinga yule! Halafu akawa wakili. Kwamba mlango usiofungwa si ruhusa. Kwamba kutumia mtandao wa mtu bila idhini yake kunaweza kuwa kosa kabisa, ila wataangalia kama mtumiaji aliamini kwa dhati kuwa amekaribishwa. Nikamtajia jina la mtandao. Alicheka mpaka akakohoa. Rafiki yako ashikilie hapo hapo, akasema.

Nikamsimulia na habari ya barua na polisi kwa Mzee, bado kwa jina la rafiki. Kama barua ni ya kweli na ushahidi upo, hiyo ni vita ya kupigana. Lakini mwambie asimwache mzee wa watu aibebe.

Hilo sikumuuliza!

Ijumaa, 8 Machi

Nimekutana na Mzee kwenye ngazi, kajishika ukuta. Nikampa pole. Nikajitia kuuliza juu juu: Mzee, hivi kwa nini mtandao ukauita Karibu?

— Si kwa sababu uko karibu, mwanangu?

Kijana wake alimfungia vifaa viwili. Kimoja chumba cha mbele, anapokaa: karibu. Kingine karakana ya nyuma, anapotengenezea saa: mbali. Ili asichanganye. Nywila ya Karibu iliondolewa kwa sababu kila mara alikuwa anaikosea.

Karibu ya umbali! Miezi kumi na minne naitikia mwaliko ambao hakuna aliyeutoa. Ningecheka kama si yeye kutakiwa kituoni Jumatatu. Fundi wa mtandao anamchapia orodha ya simu zote zilizoingia humo.

Nikakimbilia kuangalia simu yangu inajiitaje ikiingia mtandaoni. "Mama Pacha". Wanangu ndio waliiwekea jina hilo mwaka jana, na jengo zima ndivyo linavyoniita. Nimelifuta, nimeandika "Simu". Halafu nikaona aibu, nikakaa chini. Nikifukuzwa kazi, wanangu nitawalea na nini? Na Mzee wa watu je, kwa miguu ile, kituoni?

Jumamosi, 9 Machi

Saa nne asubuhi. Mzee yuko sebuleni kwangu. Kaja na karatasi. Orodha. Mistari mitatu tu, anasema, ila maandishi ni madogo, nimsomee, macho yamechoka. Nikaitupia jicho: simu yake, simu ya kijana wake, na chini kabisa —

Jina la zamani. Kubadilisha kwangu hakukusaidia kitu.

Nikamwambia ngoja nifuate miwani. Niko chumbani, naandika nimesimama. Miwani! Sijawahi kuvaa miwani maisha yangu yote, na Mzee anajua. Naye lenzi yake ya kazi inaning'inia shingoni, ile anayosomea namba zilizochongwa ndani ya saa za kike. Karatasi ile ameshaisoma. Kanipa niisome mwenyewe.

Pacha wanamwekea chai. Nasikia kijiko.

Simu ninayo mkononi. Picha za lebo zote zimo, hata ile yenye tarehe mbili.

Anaita. Mama Pacha, miwani umeiona?

Sauti haina hasira. Afadhali ingekuwa nayo. Nimeitikia naja, na bado nimesimama hapa, nikitafuta pa kuanzia kumsomea jina langu.