Ng'ombe wa Baba Kwenye Uwanja wa Ndege

Mjukuu wangu Nkwimba,

Huku Shanwe sote wazima. Bibi yako amevuna mpunga, na anasema usipopiga simu mwezi huu atakufuata Mwanza mwenyewe.

Umeniuliza kwa nini mimi, ninayegombana na kila mradi, sijawahi kuandika neno baya juu ya uwanja wetu wa ndege. Niligombana nao zamani, mama yako hajazaliwa, uwanja ukiwa bado wa changarawe. Wasimamizi wake walipotukataza kuchunga pale, niliwaingiza ng'ombe wa baba katikati ya uwanja kwa makusudi. "Nyie, mkulima gani wa Mpanda anapanda ndege?" nikawapigia kelele.

Ndege ikaja, ikazunguka juu, ikashindwa kutua. Ndipo nikaona pembeni mama mmoja amelazwa kwenye machela, uchungu umemzidi. Ilikuwa imekuja kumchukua yeye. Niliwachapa ng'ombe huku nalia, wakatawanyika na kurudi palepale. Walizoea sauti moja tu. Baba akafika mbio, akasimama kando, akamwita jike anayewaongoza wenzake: "Mabula! Njoo, mama, njoo!" Wote wakamfuata, ndege ikatua, ikamchukua yule mama.

Mama yule alipona, na mtoto pia. Mumewe alikuja nyumbani kumshukuru baba kwa kuwaondoa ng'ombe. Baba akaushika mkono wa mume huyo, akauweka ndani ya mkono wangu.

Nikamwambia kwa kinywa changu kwamba ni mimi niliyewapeleka ng'ombe uwanjani. Alinitazama sana, lakini hakuuachia mkono wangu.

Ni mimi babu yako, mgomvi.