Papa, Juu ya Nini Jeep Yako Ililala Kuume

Papa wangu,

Leo nilifungua jeep yako. Hapana kukasirika. Niko nakuandikia na grese ingali ku vidole, mutoto wangu Paluku amelala juu ya magoti yangu, muzito kama gunia ya viazi. Nimechoka sana, lakini nikilala mbele ya kukuelezea, sitapata usingizi.

Unakumbuka vile gari ilikuwa inalala upande wa kuume. Batu ba kule Mbau baliitambua tangu mbali: "Yenye kuchechemea inakuja!" Mara ngapi nilikuuliza juu ya nini, na we unajibu: "Barabara njo inalala, si gari. Kaa vizuri."

Tangu ulituacha, mi njo nabebaka kabichi na viazi ndani yake, Butembo mpaka Beni na Mbau, na mujukuu wako ku kiti. Hatuna kazi ingine. Lakini hii mwezi ilianza kuruka sana. Ku kila shimo Paluku analia. Papa mudogo, ndugu yako, akakuja ku parcelle, kwetu nyumbani, akazunguka gari, akapiga tairi na muguu.

"Shasi imepinda," akasema. "Hii tuuzishe kwa batu ba byuma, bakate."

"Papa mudogo, tufungue kwanza tuone."

"We mwanamuke, utaona nini kule chini?"

"Nitaona chenye kiko."

Mama alinyoosha mikono. Alinipokea mutoto tu, nikajua ameniruhusu.

Basi, fundi Kambale akainua gari na kriki, akaweka miti ya nguvu chini. Akaanza na ma-amortiseri, zile zenye kuzuia gari kuruka. Ya zamani aliisukuma na mukono, ikaingia, ikabaki mule mule, kama mutu mwenye amechoka kujibu. Ya mupya aliisukuma, ikarudi polepole yenyewe. Niliisukuma mara tano, Papa, kama mutoto na kitu ya kuchezea. Fundi akanicheka.

Kiisha akafungua malame, zile byuma byenye kupinda, zinalaliana moja juu ya ingine, njo zinabebaka muzigo wote. Upande wa kushoto: saba. Upande wa kuume: sita. Nilihesabu tena na kidole.

"Masika," fundi akasema, "shasi yenu iko sawa kabisa. Kuko lame moja inakosa. Na haikuvunjika, angalia. Mutu aliitoa, akafunga vizuri."

Mutu gani? Gari yako hakuna mutu mwingine alikuwa anaigusa.

Nikaenda kutafuta mu ile sanduku ya byombo, nyuma ya kiti. Chini ya kamba nikakuta kitu murefu, kizito, kimefungwa mu kitambaa. Lame. Umeipaka grese mpaka ku ncha zake. Na kitambaa, Papa! Kikwembe yangu ya kijani, ya mandege, yenye ilipotea ku kamba ya kuanika wakati nilikuwa na mimba. Nilisema mama wa jirani njo aliiba. Kesho nitaenda kumuomba musamaha, na juu yako!

Pale njo nilikumbuka. Tulikuwa tunatoka Beni, mu Kalunguta, tukaingia mu shimo, nikashika tumbo na mikono mbili nikalia. Ulisimamisha gari. Haukuniangalia, uliangalia barabara tu. Kiisha siku mbili, gari ikaanza kulala. Upande wa kuume. Upande wa kiti yangu.

Ulitoa lame ili kiti yangu ilainike. Ukakubali bacheke gari yako, we mwenye ulikuwa unaisafisha kila juma. Paluku akazaliwa, haukuirudisha. Juu ya nini haukuniambia? Hiyo bado najiuliza, na nitaendelea kujiuliza.

Tuliweka malame mapya, saba na saba. Fundi alitaka kuongeza ya munane, vile banafanyaka hapa bote, gari ibebe magunia mingi.

"Hapana," nikasema. "Mutoto wangu si gunia. Nitabeba kidogo."

Kiisha akataka kukaza mabulon wakati gari ingali juu.

"Acha! Iteremushe, ikanyage chini kwanza, kiisha ukaze. Ukikaza ikiwa juu, ile mipira ya ndani itapasuka."

"Eh! Nani alikufundisha?"

Ni we, Papa. Nilikuwa na miaka kumi, nimekushikia lampe ya mukono chini ya hii gari, na ulikuwa unasema vile vile: ikanyage kwanza.

Sasa imesimama sawa. Papa mudogo alizunguka tena, akakohoa, akasema eti alijua tangu mwanzo. Batu ba Mbau batafikiri ni gari ingine.

Lame yako nimeirudisha nyuma ya kiti, mu kikwembe yake. Kiisha nikaketi ku kiti yangu ya zamani, na mwili wangu wenyewe ukalala kuume, ukatafuta ule mulalo wenye hauko tena.

Wasingya, Tata, aksanti. Ulale vizuri.

Ni mi Masika, binti yako wa kwanza, mama Paluku