Mchana Nilipogeuza Kituo cha Redio

Papa,

Unanijua mimi ni mtoto wa maswali, na kifo chako hakijanifunga mdomo. Huu ni mwezi wa pili tangu tukuzike. Mama amehamia kwangu, na redio yako aliibeba mwenyewe, ameiviringisha katika kitenge. Saa sita mchana anaifungua, halafu anajiendea jikoni. Ninayebaki kusikiliza matangazo ya vifo ni mimi.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano matangazo hayo yalinichosha. Sahani yako ya bukari, ugali wetu, inapoa, umeinamisha kichwa, mtangazaji wa Lubumbashi anasoma nani amefariki, kilio kiko wapi na habari imfikie nani. Tukicheka tu, unatugombeza kwamba watu wanaitwa: "Munyamaze kwanza, beko banaita bantu." Mimi nilitaka magitaa. Na zaidi ya magitaa nilitaka kujua: mbona mshale wa redio ukisogezwa kidogo tu wanatokea watu wengine, na lugha nyingine? Wanakaa nyumba za namna gani? Wamekula nini leo?

Siku ile ulikuwa umetoka zamu ya usiku. Kabla ya kulala uliniachia redio, ukaniambia, "Weye usikilize pa fasi yangu." Nilisikiliza majina mawili matatu, nikageuza kituo, nikaangukia Zambia. Mwanamke alikuwa akisema Kibemba na kucheka, nikaongeza sauti nijue kinachomchekesha. Ulipoamka ukauliza. Nikajibu, "Hamuna kitu, Papa." Hata leo sijui yule mwanamke alikuwa anacheka nini.

Kumbe mama yake Papa Alfonsi alikuwa amefariki Kambove, na jina lako limetajwa. Alfonsi, rafiki yako wa tangu ujana, aliyenishika siku ya ubatizo wangu. Na mama huyo ndiye aliyekupikia ulipofika huku bila ndugu. Majirani walisikia, lakini redio yetu ilikuwa inalia kwa nguvu, kila mmoja akadhani nasi tumesikia. Ulipata habari baada ya siku nne, mazishi yamekwisha pita. Ukavaa koti, ukaenda Kambove, ukarudi siku hiyohiyo. Hukuniuliza neno.

Tangu hapo Papa Alfonsi hakukuamkia tena, hata mkikutana kanisani. Lakini kila Pasaka aliniletea kitambaa cha nguo, anampa Mama mlangoni, haingii. Nilikipokea, Papa. Nilikishona, nikakivaa, na miaka yote hiyo nilijiuliza kama unajua kuwa niligeuza kituo.

Ulipokufa nilipeleka tangazo redioni mwenyewe. Niliandika habari imfikie Alfonsi wa Kambove, kwa jina lake la ubatizo, ingawa majina hayo ya Kizungu serikali iliyakataza, watu wakachukua ya asili, maana jina lake jipya silijui. Karani alinitazama, akaliacha. Siku ya pili ya kilio Papa Alfonsi akaingia na fimbo yake, akalia kuliko sisi sote. Kisha akaniambia: "Papa yako alikuyaka kwangu, akasema ni yeye njo alilala, habari ikapita. Minye nikamufukuza."

Kumbe ulimfuata, akakufukuza. Kwa hiyo ulijua kuwa ni mimi. Ulisema ulilala, na kweli ulilala, ila hukumtaja uliyemwachia redio. Kwa nini? Mtoto angesamehewa, nadhani. Au uliogopa nisisamehewe, nikose baba wa pili, ukaona afadhali wewe ukose rafiki? Nani wa kunijibu sasa? Nina hasira nawe, Papa, na bado ninakupenda.

Mbele ya watu wa kilio sikukiri kosa langu. Nilimpa maji tu. Akanishika kichwa, akaniita mwanangu, nikashindwa hata kumtazama.

Jumapili baada ya misa napanda gari la Kambove. Nakuahidi nitamweleza yote, hata lile jibu nililokupa ulipoamka. Mama nimekwisha kumwambia. Alinipigia pasi gauni la kwendea.

Pumzika, Papa. Papa Alfonsi akikataa kuniamkia, nitajua ilikuwaje kwako miaka yote ile.

Mwanao,
Kabedi