Dirisha kwenye Ukuta Wangu

4 Machi

Mke wangu,

Natumai u mzima. Mimi mwili mzima, moyo ndio mbovu.

Umempigia nyapara! Akaweka simu sauti ya juu mbele ya wachanganya zege wote. "Mkeo analia huku, ongea naye, mtoto mzuri." Sasa hilo ndilo jina langu hapa.

Ndiyo, nilizima simu. Umemwita fundi mwingine atoboe dirisha kwenye ukuta niliojenga mimi, bila hata kuniuliza. Baba yangu akikasirika alipiga. Mimi nikikasirika nazima. Heri hivyo.

Mumeo

15 Machi

Baba watoto,

Sisi wazima, pole na kazi.

Heri kwa nani? Nilisikia jukwaa la ujenzi limeanguka hapo kwenu na watu wameumia. Napiga, umezima. Kumbe wewe mzima, umenuna. Baba yangu alitoka nyumbani na hasira, akasema anaenda kupoa. Mama yangu anamsubiri mpaka leo. Mtu akininyamazia, mimi naona kaburi.

Kuhusu dirisha, nilikuuliza mara ngapi? Kila nikiuliza unakata simu. Chumba kina joto, watoto wanatokwa na vipele.

Sasa na mimi nazima. Onja.

Mama watoto

9 Aprili

Mke wangu,

Hujambo? Sijui nimuulize nani, maana hupatikani.

Nimempigia mama mkwe. Kasema, "Kaulize ukuta wako." Nikampigia yule fundi cherehani unayeshona naye. Naye akaweka sauti ya juu, nikawasikia wanawake wanacheka. "Yupo hapa, mtoto mzuri, ila hataki."

Sijalala vizuri tangu hapo. Nimepanga matofali mstari ukaenda upogo, nyapara kaubomoa. Nina hasira na wewe, nina hasira na hilo dirisha, na huyo fundi wako aliyelitoboa siku nikimkuta tutaongea. Lakini simu yangu iko wazi. Ukipiga nitapokea, hata kama ni kugombana tu.

Mumeo

20 Aprili

Baba watoto,

Watoto wazima, vipele vimepungua.

Hasira yangu haijaisha, usijidanganye. Nina mengi ya kukuambia na mengine hutayapenda.

Fundi kaacha dirisha bila fremu, nimeliziba na kanga. Hakuna atakayeligusa mpaka uje.

Nimewasha simu. Piga ukitoka kazini, tugombane.

Mkeo