Kitambaa Nilichokikata Mkia

Mzee wangu Mrisho,

Shikamoo. Nimekaa kidogo nikisubiri marahaba yako, kwa mazoea tu. Hukuwa mwepesi wa kuitikia. Kila asubuhi kwanza ulifuta mikono, ukanitazama viatu, ndipo ukasema, "Marahaba, Mchaga wangu. Umekuja kazini au umekuja kuuza ndizi?" Miaka tisa neno hilo la ndizi liliniudhi. Leo ningetoa chochote nilisikie tena.

Nina jambo la kukuambia na sijui nilianzie wapi. Nimekuharibia jina, Mzee. Wewe uko kaburini huwezi kujitetea, na mimi niliyekula chumvi yako ndiye niliyekuharibia.

Ni lile gari la Bwana Jivan, muuza vitambaa, ulilokuwa unalishughulikia siku ile. Ulikuwa umelifungua bakuli la kuchujia hewa, ukaliosha kwa petroli, ukalianika juani. Ukasema unaingia ndani kwa mkeo, Bi Mwamvita, kunywa maji. Hukutoka tena. Nilimsikia anapiga kelele nikadhani ameona nyoka.

Nilibeba jeneza lako mpaka makaburini. Waliniruhusu, ingawa mimi ni wa kanisani; jirani yako mmoja alinishika bega akasema, "Elia, huyu alikuwa baba yako, beba." Siku ya nne Bwana Jivan akaja kuuliza gari lake, kwa adabu, akisimama mbali kidogo. Nikamwambia jioni litakuwa tayari. Nilitaka watu waone kwamba banda lako la ufundi halikufa na wewe.

Unaijua sheria yako mwenyewe: aliyefungua ndiye afunge. Mwaka ule ulipougua homa, lori la watu lilikungoja siku sita, na mimi hapa nina mikono miwili mizima. Nilikununia. Ukasema, "Wewe hujui niliacha nini humo ndani." Basi safari hii nilifunga nisichokifungua mimi. Ungekuwepo ungeniambia haraka haraka haina baraka, nami ningenuna vilevile.

Gari liliwaka. Lilifika kona ya Msimbazi, likakohoa mara mbili, likazimika. Bwana Jivan alipoliwasha tena likatoa moshi mweusi mpaka akina mama wa vitumbua wakafunika sinia zao kwa kanga huku wakinitukania ukoo mzima. Tukalisukuma kurudi bandani.

Nikakumbuka ulivyonifundisha kusoma moshi. Mweupe, maji yameingia. Wa bluu, injini inakula oili. Mweusi, petroli imezidi hewa. Mimi nikashika petroli tu, Mzee. Hewa ikanipita kama vile hukuwahi kuitaja. Nikafungua kabureta, nikaiosha, nikaifunga. Gari likawaka, likakohoa, likazima. Nikatoa plagi, nyeusi kama masizi ya chungu, nikazisugua mpaka zikang'aa. Nikasugua pointi za kutolea cheche. Nikamwaga petroli yote ya tangi nikatia nyingine. Kabureta nimeifungua mara nne, na kila mara lile bomba linaloipelekea hewa kutoka kwenye bakuli la kuchujia, nililitoa pamoja na bakuli lake, zima zima, nikaliweka juu ya meza, nikalirudisha zima zima. Na kila mara moshi ni uleule.

Wiki ya tatu wateja wawili walikuja kuchukua magari yao, hata sijayagusa. Bi Mwamvita hana mtoto wala ndugu wa kumlisha. Chungu chake kinategemea banda hili, wewe ndiye uliyeniambia hivyo kwa kinywa chako. Nilikuwa siwezi kumtazama usoni. Usingizi ulinikimbia. Nilikuwa nasimama mbele ya ile injini nakuita jina lako kwa sauti, mchana kweupe, mpaka majirani wakaanza kunong'ona.

Halafu Jumatano ile Bwana Jivan akaja, watu wamejaa barazani. Akasema, "Elia, mimi ngoja sana. Gari yangu imekuwa jiko ya mkaa. Ijumaa nachukua, napeleka gereji ya kule Posta." Nikajua akienda yeye wanakwenda wote. Ndipo nikasema, na watu wote wanasikia: "Si mimi, bwana. Mzee aliliharibu mwenyewe kabla hajafa. Mkono wake ulikuwa umeshachoka."

Naliandika neno hilo ili ulijue kama lilivyotoka. Watu wakaguna. Mmoja akasema eti kweli, siku za mwisho mzee alikuwa haoni vizuri. Kumbe Bi Mwamvita alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai aliyotuletea. Aliliweka chini taratibu, akarudi ndani. Siku ile sikuitwa kula. Wala siku iliyofuata.

Alhamisi nilikata tamaa kabisa. Niliomba kwa dini yangu, nikaongeza na ile Fatiha, nusu ninayoijua kwa kukusikia. Kisha nikalitoa bomba na bakuli lake ili nimkabidhi Bwana Jivan gari lake vipande vipande, niondokane na aibu. Na kwa hasira tu nikazungusha hendeli ya kuwashia injini, kabureta ikiwa mdomo wazi, jambo ulilonikataza tangu siku ya kwanza, kwa sababu vumbi la Kariakoo, ulisema, halibishi hodi.

Injini iliwaka. Ikatulia, ikanguruma vizuri kama enzi zako, na moshi haukuonekana. Nikaizima. Nikalichukua lile bomba nikachungulia ndani.

Kilikuwa kitambaa chako, Mzee. Kipande cha ile kanga kuukuu ya Bi Mwamvita, yenye pindo jekundu. Miaka tisa nimekuona ukiziba kila mdomo wa injini ulio wazi, hata kama unakwenda kunywa maji tu, na kila mara unaacha mkia wa shubiri nzima ukining'inia nje ili usisahaulike. Na mkia uliuacha. Niliuona siku ile ya nne. Mkia ulichungulia pale bomba linapoungana na bakuli, nami nikadhani ni kitambaa ulichokazia tu maungio yaliyolegea. Nikauona unatia gari uchafu. Nikaukata kwa wembe, Mzee. Nikaukata ili gari lipendeze.

Na ningekuwa mtu mwema ningekimbia palepale nikawaambia watu. Sikukimbia. Nilikitia kitambaa mfukoni, nikafunga gari. Ijumaa Bwana Jivan alilizungusha mpaka Magogoni na kurudi, akashuka anacheka. Barazani wakasema, "Kumbe mwanafunzi amempita mwalimu!" Nikatabasamu. Kitambaa kiko mfukoni kinanichoma paja, na mimi natabasamu. Kwa tabasamu lile nashindwa kujisamehe kuliko hata kwa lile neno.

Jana ilikuwa arobaini yako. Watu walijaa uani, Bwana Jivan naye alikuja, akakaa karibu na mlango. Hitma ilipokwisha, kabla sinia hazijaletwa, nikasimama. Nikakitoa kitambaa nikakinyanyua, nikawaambia kila kitu: kwamba mkono wako haukuchoka, macho yako yalikuwa mazima, gari nililiua mimi na nikakusingizia wewe. Kuna aliyesema, "Lo! Mkristo huyu." Bwana Jivan aliinuka, akavaa viatu, akaondoka na gari lake. Sijui kama atarudi. Sijui kama yeyote atarudi.

Bi Mwamvita alisimama upande wa wanawake. Alikuja akakichukua kitambaa mkononi mwangu, akaligeuza lile pindo jekundu, akalinusa. Bado kina harufu ya petroli na ya tumbaku yako. Akaniambia, "Elia, ulimzika mara mbili." Kisha akanirudishia kitambaa. Akasema, "Nenda kale. Chakula kinapoa." Nilikula, Mzee. Nililia juu ya pilau ya arobaini yako mbele ya wanaume wazima, na nikala.

Mengine hayajabadilika. Kofia yako iko kwenye msumari wake. Sitafunga tena kilichofunguliwa na mwingine bila kumuuliza, na sitakata mkia wa kitambaa chochote hata kiwe kichafu namna gani. Na Bi Mwamvita, banda likipona au lisipopona, hatalala njaa nikiwa hai. Hiyo ni ahadi, na safari hii nimeiandika kwa akili timamu.

Kuna jambo moja tu limenishinda. Sanduku lako la spana liko wazi, kama ulivyoliacha siku ile ukaenda kunywa maji. Asubuhi nilishika kifuniko chake mara mbili, nikakiacha. Nimelifunika kwa kitambaa chako, ule mkia uliobaki nimeutoa nje.

Lala salama, baba.

Mchaga wako,
Elia