Dakika za Betri Yako, Bi Rukia

Bi Rukia,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kuanza bila hiyo. Siku yangu ya kwanza hapa Voi niliingia ofisini kwako kuomba kazi ya kuchapa na "habari ya asubuhi" mdomoni, ukaniambia nitoke niingie upya.

Bi Rukia, ninaogopa. Jumatatu naenda Kishushe na laptop yako kuukuu. Wazee wa ranchi wataeleza mpaka wa malisho yao ulipita wapi, mimi nichape wakisema, kisha niwasomee. Kule hakuna stima. Binti yako Fatma ameshasema: kazi hii ikiharibika anafunga ofisi, na mimi nirudi kwetu Mwanda kupalilia mahindi. Na betri nimeiua mimi.

Unaikumbuka sheria yako. Kila mwisho wa mwezi tunachomoa waya, tunaandika power kwenye ile skrini nyeusi, tunapiga Enter, inatuambia betri imebaki asilimia ngapi. Halafu wewe unatazama saa ya ukutani. "Mashine hujisifu, mwanangu. Saa haina maringo." Unaandika kwa penseli kwenye kalenda nyuma ya mlango: imewaka saa fulani, imezimika saa fulani. Iache iishe kabisa ndipo uichaji. Ukiilisha kabla haijaona njaa, inazoea kula kidogo.

Basi tangu ufariki sijaiacha iishe hata mara moja. Nilikuwa siwezi kuiona ile namba ikishuka. Ikifika tisini tu, mkono wenyewe unakimbilia waya. Miezi sita, Bi Rukia. Wateja wananisifu, eti huyu Wakesho anajua kutunza mashine, haijawahi kumzimikia, nami nacheka tu.

Alhamisi nikachomoa waya nijaribu. Nikaandika power: mia. Nikasubiri, nikaandika tena: tisini na nne. Mara giza. Dakika kumi na moja. Wakati wako ilikuwa inakwenda saa mbili na zaidi. Nikakaa chini kwenye sementi.

Na sasa nikuambie la hospitali, maana ni lile lile. Uliniomba nikae nawe. Nikasema naenda kukununulia maji. Sikwenda kununua maji. Nilisimama verandani nimeshika ukuta, kwa sababu pumzi zako zilikuwa zinaachana mno, na sikutaka kuwepo. Niliporudi walikuwa wameshakufunika. Fatma alinishukuru kwa kukaa nawe hadi mwisho, na sikumsahihisha.

Betri nimeanza kuitibu ulivyonifundisha: iishe, ijae, iishe tena. Jana ilifika dakika kumi na tisa. Leo mchana nimefunga mlango, nikachomoa waya saa saba na nusu. Themanini. Sitini. Mkono umekwenda kwenye waya mara mbili, mwishowe nikaukalia. Arobaini. Moyo ulikuwa unanienda mbio kwa ajili ya kitu cha plastiki, ungenicheka wewe. Lakini nimebaki kitini mpaka skrini imezimika mbele yangu.

Dakika thelathini na nne. Hazitoshi, wazee wale wana maneno. Kwa hiyo Jumatatu, kabla hawajafungua mdomo, nitawaambia ukweli: mashine ina nusu saa, baada ya hapo ni kalamu na daftari, na asiyetaka aseme sasa. Na leo, kabla Fatma hajafunga duka lake, nitakwenda kumwambia habari ya betri. Na habari ya maji. Nakuahidi.

Lala pema, Bi Rukia. Kalenda yako imejaa, nimejibana pembeni, chini ya mwandiko wako wa mwisho. Nimeandika: imewaka saa saba na nusu, imezimika saa nane na dakika nne. Wakesho alikuwepo.